Plastiki Nyeusi ya Gari Imepauka au Imevunjika? Jua Unacholipia Kabla ya Kutuma Pesa

Angalia gari lolote lililozunguka barabara zetu kwa miaka michache. Rangi ya bodi inaweza kuwa bado inang'aa na injini haina neno, lakini zile plastiki nyeusi za pembeni zimegeuka kijivu, bampa ina ufa, mkanda wa paa umeanza kubanduka, na chini ya injini kuna kitu kimefungwa kwa waya. Mwenye gari anajiambia atashughulikia wikendi. Wikendi inapita, nyingine inapita.

Kwa sababu ni vitu vidogo, watu wengi huvilipia bila kufikiri sana. Mia tano kwa fundi wa hapa, elfu moja kwa yule wa pale, dipoziti kwa muuza spea ambaye hawajawahi kuonana naye. Ukija kufungua orodha ya miamala kwenye simu, unapata umelipa mara nne na ile plastiki bado ni mbovu. Mbaya zaidi, kuna wale ambao dipoziti ilienda na spea haikuja.

Kazi yetu sisi ni kukusaidia kulipa salama. Lakini malipo salama huanza kabla hujaweka PIN, pale unapojua hasa unalipia nini. Kwa hivyo katika makala haya tutaanza na plastiki yenyewe, halafu tufike kwenye pesa.

Kwanza, tatizo lako ni lipi?

Ukimwambia fundi "plastiki imeharibika," umempa ruhusa ya kuamua bei yeye. Mambo haya matatu ni tofauti, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ni kupauka. Plastiki iko nzima, imeshika vizuri, ila rangi imekufa. Hii ni kazi ya kusafisha na kupaka, na mara nyingi unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

La pili ni kulegea. Kipande ni kizima lakini kinacheza au kinaning'inia. Hapa kwa kawaida tatizo ni klipu au gundi ya nyuma. Kipande chenyewe hakihitaji kubadilishwa.

La tatu ni kuvunjika. Kuna ufa, sikio la kushikilia limekatika, au sehemu imetoka kabisa. Hapa ndipo swali la kurekebisha au kununua lingine linakuja.

Kabla ya kwenda gereji, osha gari, pitisha mkono kwenye kila plastiki nyeusi, ivute kidogo, na upige picha. Ukifika kwa fundi na picha na jina la tatizo, mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.

Kwa nini plastiki hupauka

Plastiki nyingi nyeusi za nje ambazo hazijapakwa rangi hutengenezwa kwa polipropilini iliyochanganywa na mpira na unga wa madini. Weusi wake hutokana na masizi maalum ya kaboni yanayochanganywa ndani, na masizi hayo pia huizuia miale mikali ya jua isiingie ndani sana. Lakini hapa kwetu jua linapiga wima karibu mwaka mzima. Miale hiyo hukatakata nyuzi ndogo za plastiki kwenye uso wa juu, uso unakauka, unakuwa kama una vumbi la chaki, na macho yanaona kijivu.

Kumbuka pia umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi hufika bandari ya Mombasa yakiwa karibu na kikomo hicho. Kwa hivyo gari ambalo ni "jipya" kwako linaweza kuwa na plastiki iliyokwisha kuona miaka saba ya jua na mvua.

Habari njema ni kwamba kilichokufa kwa kawaida ni uso tu. Osha kwa maji, sabuni na brashi laini hadi povu litoke safi, acha ikauke kabisa, kisha upake dawa ya kurudisha weusi. Dawa hizi ni za aina mbili, na tofauti yake ndiyo itakayokuokolea pesa.

Kuna zile za mafuta mafuta, ambazo hung'arisha papo hapo. Zinapendeza siku ya kwanza, lakini mvua chache na car wash mbili zinatosha kuziondoa. Halafu kuna zile zinazokauka na kushika kwenye plastiki, kama rangi maalum ya plastiki ya nje. Hizi ni ghali zaidi na zinataka plastiki iwe safi kabisa, lakini hudumu miezi mingi. Ukiambiwa bei, uliza swali moja: "Hii inakauka au inabaki na mafuta?" Jibu litakuambia kama utarudi kulipa tena mwezi ujao.

Wengine hutumia mafuta ya taa, dizeli au oili chafu. Gari linang'aa, ndiyo, lakini mafuta hayo hushika vumbi na hulainisha mipira ya milango na madirisha hadi ivimbe. Kiwi ya viatu nayo inatoka na maji na kuchafua rangi ya bodi, hasa kama gari ni jeupe. Na kuna hawa wanaopuliza hewa moto hadi weusi unarudi mbele ya macho yako. Inafanya kazi kweli, kwa muda. Joto linalainisha uso wa plastiki na rangi inaonekana tena, lakini jua halijaenda popote, na fundi akizidisha joto kidogo tu plastiki inapinda. Ukikubali njia hiyo, ilipie kama kazi ya muda mfupi.

Neno moja kuhusu madoa meupe: mara nyingi hayo si kupauka. Ni polishi ya bodi iliyogusa plastiki ikakaukia kwenye vinyweleo vyake. Brashi, sabuni na subira huyatoa. Usiuziwe kipande kipya kwa sababu ya polishi.

Kipande kilicholegea: uliza klipu kwanza

Plastiki nyingi za gari hushikwa na klipu ndogo za plastiki zinazobonyezwa kwenye matundu ya bodi. Zikizeeka hukauka na kukatika, hasa fundi akiing'oa plastiki kwa bisibisi ya chuma badala ya kifaa cha plastiki cha kung'olea. Huko Pwani, klipu na skrubu za chuma huliwa na chumvi ya bahari mapema zaidi.

Klipu ni kati ya spea za bei ya chini kabisa dukani. Ndiyo maana inauma kumwona mtu akilipia bampa zima wakati kilichokosekana ni klipu tano. Ng'oa moja iliyo nzima, ibebe hadi dukani, ulinganishe ukubwa wa kichwa na unene wa mguu. Nunua mbili tatu za ziada, kwa sababu lazima nyingine ikatike wakati wa kufunga.

Vipande vingine, kama ile mikanda ya milangoni, hushikwa na gundi ya mkanda wenye sura mbili. Kosa la kawaida ni kubandika mkanda mpya juu ya mabaki ya ule wa zamani. Mabaki yote yanatakiwa kutolewa, bodi na plastiki zipanguswe kwa spiriti, kisha kipande kibonyezwe kwa nguvu na kiachwe siku moja hadi tatu bila kuoshwa. Kama fundi anabandika huku kijana wa car wash anasubiri na mpira wa maji, hiyo kazi haitamaliza wiki.

Kilichovunjika: geuza nyuma usome

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa gundi isiyofaa. Kila plastiki ina jina lake, na watengenezaji wengi hulichapa upande wa nyuma. Geuza kipande utafute herufi ndogo zilizowekwa kati ya mishale miwili. Ukiona PP, peke yake au ikifuatwa na herufi nyingine, hiyo ni polipropilini. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki ngumu zaidi, inayotumika sana kwenye grili na vifuniko vya vioo vya pembeni.

Tofauti yake ni hii. ABS hukubali gundi vizuri. PP huikataa. Supaglu ya kawaida kwenye PP hushika kidogo, ikipata mtikisiko wa matuta ya mtaani inabanduka kama ganda. Rangi pia ni hivyo hivyo: ukipaka PP bila praima maalum ya plastiki, itakuja kutoka kwa vipande. Njia inayofaa kwa ufa wa PP ni kuichomelea kwa joto, ukiongeza ujiti wa plastiki ya aina ile ile, au kutumia mashine inayozamisha pini za moto ndani ya plastiki ili zishone ufa. Mafundi wa jua kali wengi wanaijua kazi hii vizuri.

Jambo lingine ambalo wenye magari hawaambiwi ni kwamba ufa kwenye bampa iliyopakwa rangi unaweza kufichwa kabisa, kwa sababu fundi ataujaza, atausugua kwa msasa na kupaka rangi juu. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi haina pa kufichia. Ina vile vipele vidogo kama ngozi, na ukipitisha msasa vinaisha, panabaki alama laini inayoonekana kutoka mbali. Kwa hivyo kazi nzuri hufanywa upande wa nyuma. Mbele utabaki mstari mwembamba. Kama unaweza kuishi na huo mstari, rekebisha, utaokoa pesa. Kama huwezi, au kama kipande cha mbele kimetoka na hakipo tena, nunua kingine. Ikiwa kilichokatika ni masikio ya nyuma tu na uso ni mzima, usikubali haraka kununua: masikio hutengenezwa upya kwa kuchomelewa, na hakuna atakayejua.

Vipande ambavyo havingojei

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna plastiki tatu ambazo uharibifu wake haukai kwenye sura ya gari peke yake.

Ya kwanza ni ile iliyo chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapotokea. Hupigwa na jua siku nzima na hukauka hadi inapasuka kama biskuti. Kazi yake ni kuongoza maji ya mvua yatoke pembeni. Ikipasuka, au matundu yake yakiziba kwa majani ya mti unaoegesha chini yake, maji hushuka kwenye mota ya waipa na njia ya hewa inayoingia ndani ya gari. Utaanza kusikia harufu ya ukungu, kisha kapeti la mbele linalowa, na bei ya kipande kimoja inageuka kuwa bei ya fundi wa umeme.

Ya pili ni ile ya ndani ya gurudumu. Ikilegea husugua tairi, na tope linalorushwa na tairi hufika mahali ambapo hapakutengenezwa kupokea tope, kuna nyaya na wakati mwingine mikanda ya injini.

Ya tatu ni ile kubwa ya chini ya injini. Ikining'inia, siku moja itaachia ukiwa kasi Thika Road, na gari la nyuma ndilo litakaloipokea. Hii hata kama huna pesa ya mpya, ifunge vizuri leo au itoe kabisa hadi utakapopata.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja mwezi huu, anza na hizi tatu. Kupauka kunaweza kusubiri.

Ukiamua kununua

Spea ya plastiki utaipata kwa njia tatu: mpya kutoka kwa kampuni iliyotengeneza gari, mpya iliyotengenezwa na kampuni nyingine, au ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lingine. Ile mpya ya kiwanda hukaa sawasawa kwenye matundu yake, lakini bei iko juu. Ya kampuni nyingine ni nafuu, ila nyingine huwa nyembamba na matundu hayalingani, kwa hivyo ijaribu kwenye gari kabla ya kumaliza kulipa. Ya mtumba hukaa vizuri kwa sababu ni ya kiwanda, ila nayo ina umri wake. Ipinde kidogo usikilize. Ikilia kama kijiti kikavu, iache.

Ukiuliza spea Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, au Kariobangi, jina la gari pekee halitoshi. Fielder ya NZE141 na Fielder ya NZE161 zote ni Fielder, lakini bampa ya moja haiingii kwenye nyingine. Gari la muundo mmoja pia linaweza kubadilishwa sura katikati ya miaka yake. Kwa hivyo tuma mambo manne kwa muuzaji: nambari ya chesi kama ilivyo kwenye logbook, mwaka wa kutengenezwa, picha ya kipande chako mbele na nyuma, na upande. Upande hupimwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele. Hapa Kenya, kulia ni upande wa dereva. Spea nyingi zimerudishwa kwa sababu mnunuzi alisimama mbele ya gari akasema "kulia."

Usinunue kioo cha mwenzako

Kwa nini wenye magari Nairobi huchora nambari ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa? Kwa sababu vitu hivi hung'olewa kwenye foleni au gari likiwa limeegeshwa usiku, na kesho yake vinauzwa. Ukionyeshwa kifuniko cha kioo au taa yenye alama ya kusuguliwa msasa mahali pamoja tu, uliza palikuwa na nini. Ukiona spea ya bei nusu ya duka la jirani, muuzaji hana duka, na anataka mkutane kando ya barabara, rahisi hiyo itakuwa ghali. Chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa kunaweza kukufunga hadi miaka 14.

Nunua mahali palipo na duka, chukua risiti iliyoandikwa aina ya spea, na ulipie kwa nambari ya biashara. Baadaye mtu akiuliza ulipata wapi, una jibu lenye tarehe na saa.

Sasa tufike kwenye pesa

Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu urekebishaji wa magari, na inataka mteja apewe makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza. Haihitaji makaratasi mengi. Mwombe fundi akuandikie kwa ujumbe wa simu: kazi ni ipi, spea ni gani, spea bei gani, leba bei gani, itaisha lini. Fundi mzuri hatakasirika. Mwambie tu, "Fundi, niandikie nisisahau."

Tuseme amekuandikia 6,000: kipande cha mtumba 3,500, klipu 500, leba 2,000. Ukituma 6,000 zote asubuhi, umemaliza nguvu zako zote za kuuliza. Afadhali ugawe hivi:

Spea mlipe mwenye spea. Nenda na fundi dukani, au apige simu ya video akiwa pale, uone kipande, kisha ulipe 3,500 na 500 moja kwa moja kwa nambari ya Till ya duka. Hivyo unajua bei halisi na risiti ni yako. Lakini safari ya fundi kwenda Grogan na kurudi ni kazi pia, kwa hivyo kubalianeni nauli yake wazi wazi badala ya kumlazimisha aifiche ndani ya bei ya spea.

Leba ilipwe kazi ikiisha. Kama kazi ni ya siku mbili na fundi anahitaji kitu cha kuanzia, mpe sehemu, iliyobaki baada ya kukagua. Na ukishakagua ukaridhika, lipa papo hapo. Mafundi nao wameumizwa: wapo wateja wanaowasha gari na kusema "nitatuma nikifika," na wapo wanaoonyesha ujumbe wa malipo wa kughushi. Fundi, kama unasoma hapa, usiachie funguo kwa kuona ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, na uangalie salio.

Kabla ya PIN, soma jina. Jina linalotokea kwenye skrini si pambo. Likiwa la mtu au duka ambalo hamkukubaliana, simama, uliza. "Hiyo ni ya shemeji yangu, yangu ina shida" ni jibu linalosikika sana, na pesa ikishaenda kwa shemeji, muuzaji atasema hakupokea. Na ukiambiwa "tuma na ya kutoa," jua kwamba mnatumia njia ya kumtumia mtu binafsi. Biashara yenye Till haina haja ya kukuomba ya kutoa.

Ukinunua ukiwa mbali

Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia. Uko Eldoret au Meru, spea iko Nairobi, umeona picha mtandaoni. Simu inakuja: "Boss, kuna mtu mwingine yuko njiani kuichukua. Tuma tu elfu tatu nikuwekee."

Haraka hiyo ndiyo ishara. Hata kama mtu huyo mwingine yupo kweli, plastiki ya gari lako si ya mwisho Kenya nzima. Fanya hivi:

Omba video ya moja kwa moja, kipande kikigeuzwa mbele na nyuma, na masikio yote yakionekana. Picha inaweza kuwa imeokotwa mtandaoni, lakini video inayojibu maswali yako ni vigumu kuigiza.

Mwombe nambari ya Till na uone jina linalotokea kama linafanana na jina la duka. Unaweza kuona jina bila kumaliza malipo: ghairi tu kabla ya PIN.

Kama mna jamaa au rafiki karibu na duka, apite aone. Nauli yake ni ndogo kuliko hasara yako.

Kama ni lazima utoe dipoziti, iwe ya usafiri na kufungasha. Pesa kubwa ilipwe mzigo ukifika ofisi ya gari la abiria na ukaufungua. Kubalianeni hivyo kwa maandishi. Muuzaji akikataa kila njia isipokuwa ulipe yote kwanza kwa nambari yake binafsi, mshukuru na ukate simu. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuseme ukweli kuhusu jambo moja ambalo wateja wengi hulielewa vibaya. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi, na hata hapo inategemea kama bado hazijatolewa, kwa hivyo tupigie mara moja. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kisha akakosa kuleta spea, au akaleta ya upande mwingine, huo ni ugomvi wa makubaliano. Hatuwezi tu kuchukua pesa kwenye akaunti ya mtu kwa sababu mmoja wenu amesema hakuridhika. Tunachoweza ni kukupa rekodi kamili ya muamala. Ukiona ni ulaghai, ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, kisha tujulishe, ili uchunguzi uendelee kwa njia ya sheria. Ndiyo maana tunasisitiza sana hatua za kabla ya kutuma. Baada ya hapo njia zinapungua.

Kabla hujatoka gereji

Kagua kazi mchana, si taa ikiwa ya simu. Vuta kipande kidogo: kisicheze. Fungua na ufunge mlango au boneti: kisiguse. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili usikilize kama tairi linasugua. Kama ni ile ya chini ya kioo, mimina maji uone yanatokea wapi. Omba urudishiwe kipande cha zamani, ni chako, na masikio yake yanaweza kukusaidia siku nyingine. Hakikisha pia klipu na skrubu zote zimerudi, kwa sababu zile zinazobaki mezani kwa fundi ndizo zitakazofanya plastiki ilie barabarani wiki ijayo.

Kisha lipa, usubiri ujumbe uingie pande zote mbili, na usiufute. Andika mahali "klipu na kifuniko cha kioo, kulia" kando ya nambari ya muamala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ukiuza gari, orodha hiyo inamwonyesha mnunuzi kwamba lilitunzwa, na siku kipande kikilegea tena ndani ya wiki mbili, unarudi kwa fundi ukiwa na tarehe, kiasi na makubaliano, mnaongea kama watu wawili wanaokumbuka jambo moja.

Wikendi hii, osha gari, pitisha mkono kwenye kila plastiki nyeusi, na uandike: imepauka, imelegea, au imevunjika. Halafu ndipo umpigie fundi. Ukikwama kwenye malipo yoyote, tupigie kabla ya kuweka PIN. Simu hiyo ni rahisi kuliko ile ya baadaye.